Kilo za Mpangaji

Mambo haya yalitokea katika nchi ya mbali, na msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani ya nchi hiyo hutolewa kwa kibali, na ofisi inayotoa kibali imefungwa kwa ukarabati tangu ilipojengwa. Kwetu mambo kama haya hayapo. Mwenye kuona yanafanana na ya kwetu atakuwa amesoma kwa haraka, arudie taratibu.

Nchi hiyo ilikuwa na Rais aliyewatakia mema raia wake. Siku moja alisema redioni kwamba mtu asiye na nyumba ya kupangisha ni nusu mtu. Hakueleza zaidi, akaenda kula. Lakini kauli ya mkubwa haianguki chini ikaachwa ilale hapo. Watu waliuza mashamba, wakauza ng'ombe, wakauza hata viti walivyokuwa wamekalia wakisikiliza redio, wakaanza kujenga maghorofa ya kupangisha. Walimu walijenga. Wauguzi walijenga. Shehe na padri waliokuwa hawasalimiani waliungana wakajenga ghorofa moja lenye milango miwili. Benki ilikopesha kila aliyeingia, na ilipokwisha kuwakopesha walioingia ilimkopesha mlinzi wake wa getini. Siku ya kukata utepe ilipofika, ndipo watu walipotazamana usoni wakagundua kuwa kila mmoja ni mwenye nyumba, na wa kupanga hayupo.

Soko likalala. Maghorofa yakasimama matupu, madirisha yakifunguka na kujifunga kwa upepo. Hapo Waziri wa Majumba na Matumaini, Mheshimiwa Dokta Kivumbi Malipula, alipiga marufuku mtu yeyote kutamka kuwa bei za nyumba zimeshuka.

"Bei haijashuka," aliwaambia waandishi wa habari. "Imeinama kidogo kufunga kamba za viatu. Ikimaliza itasimama yenyewe, na itakuwa ndefu kuliko mwanzo."

Tangu siku hiyo mtu aliyetaka kujua bei ya nyumba aliuliza kwa adabu kama bado inafunga viatu.

*

Pamoja na hayo, wawekezaji wachache waliosalia walitaka kujua nyumba ipi inalipa na ipi hailipi. Serikali ikaita wataalamu kutoka nje waje kufundisha namna ya kupima nyumba ya kupangisha. Wataalamu walizungumza mchana kutwa habari za kodi, riba ya mkopo, gharama za matengenezo na miezi ambayo nyumba hukaa tupu. Ukumbi mzima ulisinzia, isipokuwa Mthamini Mkuu wa Serikali, Bwana Sengondo, aliyekaa karibu na feni mbovu na kelele zake zikamnyima usingizi. Katika yote yaliyosemwa alishika moja tu: kwamba nyumba ya kupangisha ni mpangaji wake.

Alikwenda nalo nyumbani, akalitafuna, na akatoka na Kanuni ambayo mpaka leo inafundishwa katika vyuo vya nchi ile. Kanuni inasema nyumba isipimwe, apimwe mpangaji. Mpangaji akiwa mnene ni wazi kwamba anakula. Akiwa anakula ana fedha. Akiwa na fedha analipa kodi. Na nyumba inayolipiwa kodi ni nyumba nzuri, hata kama haina paa. Mpangaji akiwa mwembamba, nyumba hiyo ni hasara, ijapokuwa imetandazwa marumaru mpaka chooni. Wathamini waliuza tepu zao za kupimia, na kila mmoja akapewa mizani ya kuning'iniza, ile iliyokuwa ikipimia magunia ya kahawa katika vyama vya ushirika vilivyokufa. Watu waliona serikali yao ina akili sana.

*

Sasa Bwana Mbwana Kiduka alikuwa mpangaji. Haikuwa ukaidi. Alikuwa fundi redio, na siku Rais alipotoa kauli yake, redio zote kibandani mwake zilikuwa zimepasuliwa matumbo, hakuna iliyoweza kusema neno. Alipokuja kupata habari, viwanja vilikwisha. Akabaki na mkewe Mashavu katika vyumba viwili vya ghorofa ya kwanza, ndani ya Jumba la Neema, mali ya Mzee Shangali, mstaafu wa forodha. Jumba lilikuwa na orofa nyingi na lifti ambayo haikuwahi kupanda. Aliyeishi humo alikuwa Kiduka na mkewe, basi. Binti yao Tausi alikuwa ameolewa zamani, na yeye na mumewe, kama watu wote, walikuwa na ghorofa lao tupu.

Kwa wenye nyumba, Kiduka alikuwa dhahabu inayotembea. Mzee Shangali, aliyemzidi umri kwa mbali, alipanda ngazi kila asubuhi na mkongojo wake akamwamkia, "Shikamoo, Mpangaji." Siku za mwanzo Kiduka alitaka ardhi ipasuke. Baadaye akazoea, akawa anaitika marahaba huku anatafuta kandambili. Baada ya salamu ililetwa supu ya mbuzi na chapati. Mchana ililetwa pilau. Jioni Mzee Shangali alituma tambi za nazi, na akisikia Kiduka amebakiza, hakulala. Kwa uangalizi huo fundi aliyekuja na mkanda mmoja alifikia kuunga miwili ili izunguke kiuno.

Wawekezaji waliletwa kumtazama. Waliingia na viatu mpaka chumbani, wakamminya mkono juu ya kiwiko, wakamwomba acheke ili waone tumbo linavyotikisika, wakanong'onezana kuwa hapa fedha ipo. Wenye maghorofa jirani walikuja kumwazima siku za tathmini, wakamkalisha kwenye kochi lao mpaka mthamini amwone, kisha wakamrudisha kwa Mzee Shangali pamoja na kapu la ndizi la kushukuru.

Mashavu ndiye hakuyafurahia hayo. Mwanamke huyo alikuwa na picha ya marehemu mama yake, picha kubwa ya fremu, na tangu aolewe ilikuwa imelala uvunguni imefungwa kanga. Kila nyumba waliyopanga, sharti la kwanza lilikuwa hakuna kupigilia msumari ukutani. Alitaka mlango wa kwake, ambao akiufunga mtu wa nje anabaki nje.

"Baba Tausi, mimi nimechoka," alimwambia mumewe siku moja, baada ya wawekezaji kutoka na mmoja wao kusahau kofia yake kitandani.

Kiduka alimuuliza amechoshwa na nini, na chakula kinakuja chenyewe.

"Hata ng'ombe wa maziwa chakula kinamfuata. Mwulize zizi la nani."

Neno hilo lilimwingia Kiduka, likakaa vibaya pamoja na pilau. Usiku kucha aligeuka upande huu na upande ule, na kwa uzito aliokuwa nao kitanda nacho kililalamika.

*

Fedha walikuwa nazo kidogo. Mtu asiyenunua hata chumvi kwa miaka hakosi akiba, na bei za nyumba zilikuwa zimeinama mpaka zinagusa sakafu. Kiduka alimwendea Mzee Shangali akamwambia anataka kununua vile vyumba viwili anavyokaa. Mzee alikaribia kumbusu. Mbuzi wake karibu wote waliishia katika supu ya mpangaji, na jumba lilikuwa linamla kuliko yeye alivyowahi kula forodhani. Wakashikana mikono.

Ila sheria ilitaka bei ipangwe na Mthamini Mkuu, kwa mizani. Wote wawili walikuwa bado wameshikana mikono jambo hilo lilipowajia, wakaachana taratibu. Kiduka akiwa mnene, bei ingepanda na akiba yake isingefika. Akiwa mwembamba, Mzee Shangali angeuza vyumba kwa bei ya mlango. Waliagana kwa heshima zote, kila mmoja akaenda kujiandaa.

Kesho yake supu ilikuja na mapaja mawili ya mbuzi badala ya moja. Mashavu aliirudisha na shukrani. Mchana ikaja biriani, ikarudishwa. Mzee akabadili mbinu: akamweka mama mmoja chini ya dirisha la chumba chao akaange sambusa asubuhi hadi jioni, upepo ukiwa unaelekea juu. Kiduka aliziba pua kwa pamba. Alikunywa maji ya ndimu, akawa anapanda na kushuka ngazi za jumba zima, huku vyumba vitupu vikimrudishia mwangwi wa pumzi zake. Mashavu alifunga kabati la vyombo kwa kufuli na ufunguo akauweka kifuani.

Siku moja alimkuta kwenye ngazi ana sambusa kila mkono, na shavu limevimba. Hakumgombeza. Alimnyang'anya zile mbili, akamsubiri ameze ya tatu, na Kiduka aliona haya ambayo hakuwahi kuiona hata siku alipoamkiwa na mzee wa watu. Tangu hapo hakugusa kitu.

Mzee Shangali alipoona kiuno cha Kiduka kinatoroka, alikuja kumsihi kwa unyenyekevu. Alisema jumba hili ndilo pensheni yake, ndilo shamba la baba yake aliloliuza, na kila ratili inayomtoka Kiduka inatoka katika uzee wake. Alilia machozi ya kweli. Kiduka naye akalia, kwa kumwonea huruma na kwa njaa, na Mashavu akawapa wote wawili maji ya ndimu.

*

Bwana Sengondo alifika na wasaidizi wake na mizani, akaifunga kwenye boriti ya ngazi. Mpangaji alipaswa kuvikwa ukanda wa turubai chini ya makwapa na kuning'inizwa, miguu isiguse chini. Mzee Shangali aliomba, kwa ajili ya heshima ya shughuli yenyewe, Mpangaji avae koti la suti ambalo yeye mzee amemletea kama zawadi. Mthamini Mkuu aliona ombi lina adabu. Mashavu alilipokea koti, akalipima mkononi, akasema mumewe anatoka jasho sana na hawezi koti, na alipolitundika kwenye kishikio cha ngazi kishikio kilikatika na mawe yakamwagika pindoni yakateremka ngazi moja moja mpaka chini. Kila mtu alisubiri mpaka la mwisho likatulia. Hakuna aliyelitaja.

Kiduka akaning'inizwa. Bwana Sengondo alitazama mshale, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Nyumba hii inaumwa," alisema.

Bei ikatajwa. Mzee Shangali alikaa kwenye ngazi, akauliza kalamu iko wapi. Alisema afadhali hasara inayokwisha kuliko mali inayokula, na mbuzi mmoja aliyebaki leo anaruhusiwa kuzeeka.

Jioni ile Mashavu alikopa nyundo kwa Mzee Shangali mwenyewe. Alipiga msumari wa kwanza ukutani, akatundika picha ya mama yake, akarudi nyuma kuitazama. Kisha akapiga wa pili, na wa tatu, ambayo hakuwa na kitu cha kutundika. Kiduka alikaa chini akimsikiliza anapiga, na katika maisha yake yote ya kutengeneza redio hakuwahi kusikia sauti iliyompendeza vile.

*

Furaha yao haikufika Ijumaa. Wizarani walifanya hesabu wakakuta kwamba kwa Kiduka kununua nyumba, nchi nzima imebaki haina mpangaji hata mmoja. Mheshimiwa Dokta Malipula alikuja mwenyewe na msafara wa magari, akasimama uani mwa Jumba la Neema juu ya meza, na watu wakakusanyika.

"Ndugu wananchi," alisema, "leo asubuhi Taifa limeamka halina mpangaji. Kuna mtu mmoja, simtaji, yuko pale dirishani amevaa singlendi, ameona bora ajifurahishe yeye na kuta zake kuliko kulitumikia soko. Hatutamfunga. Serikali hii hailipizi kisasi; inatunga sheria. Kuanzia leo kila mwenye nyumba atakuwa mpangaji wa nyumba yake mwenyewe. Mkono wa kulia utalipa kodi, mkono wa kushoto utapokea. Na kwa kuwa hatutaki mikono ya mwananchi igombane, fedha zitapita wizarani."

Watu walipiga makofi mpaka walipokumbuka mikono ile ni ipi. Mwezi uleule takwimu zikatoka: nyumba zote za nchi zimejaa, hakuna chumba kitupu, hakuna mpangaji asiye na mkataba. Waziri alijipa nishani, akailalamikia kuwa ni ndogo, akajipa nyingine. Fedha zilitoka mkono wa kulia zikiwa na afya njema, zikapita Idara ya Mapokezi, Idara ya Uhakiki na Idara ya Kuhakiki Uhakiki, zikafika mkono wa kushoto zimekonda kiasi kwamba mtu aliona aibu kuzihesabu.

Kiduka alilipa. Akilipa kodi, anapokea kilichobaki; akipokea, anaongezea cha kwake, analipa tena. Redio za kutengeneza hazikuja, kwa sababu watu hawakuwa na fedha ya betri, na wengine walisema redio ndiyo iliyowaponza. Supu ya mbuzi ilikuwa imekwisha pamoja na upangaji wa zamani. Mashavu alikata ugali kwa uzi ili vipande vilingane. Mikanda miwili ikarudi mmoja, na huo mmoja ukaongezwa matundu.

Bwana Sengondo akaja na mizani. Safari hii Kiduka hakuhitaji wasaidizi. Alinyanyuliwa na mtu mmoja.

Mthamini Mkuu alimweleza kwa masikitiko kwamba kukonda kwake kumeinamisha bei ya mtaa mzima, tena wakati bei imeshamaliza kufunga kiatu kimoja. Kosa hilo linaitwa hujuma ya kilo. Mpangaji wa namna hiyo hutolewa nyumbani, na anayemtoa ni mwenye nyumba, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Mwenye nyumba akikataa, nyumba inachukuliwa na Wizara.

"Mwenye nyumba ni mimi," Kiduka alisema.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

*

Wakaitwa mashahidi, Mzee Shangali akiwa mmojawapo. Kiduka akatolewa nje ya mlango wake, akaambiwa abishe. Akabisha. Hakuna aliyefungua, maana aliyetakiwa kufungua alikuwa anabisha. Bwana Sengondo alikohoa akasema mpangaji ajitokeze, utaratibu usivunjwe. Kiduka akaingia ndani, akafunga mlango, akaufungua, na nje hakumkuta mwenye nyumba. Mashahidi waliinamisha vichwa. Mwishoni iliamuliwa asimame katikati, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Akiwa mwenye nyumba atazame ndani, akiwa mpangaji atazame nje.

Alitazama nje akaomba apewe mwezi mmoja, hali ni ngumu. Alitazama ndani, akamwona Mashavu amekaa kwenye mkeka amekunja mikono. Alijionea huruma, na ulimi ulikuwa tayari kutoa huo mwezi. Kisha akakumbuka kwamba akijionea huruma atapoteza nyumba.

"Bwana Kiduka," alisema, "toka katika nyumba yangu."

Mzee Shangali alijifuta uso kwa kofia yake. Kiduka akautoa mguu wa ndani, akasimama nje na godoro lake ambalo wasaidizi walikwisha kulitoa, akashusha pumzi, kisha akataka kurudi ndani kwa ile nafasi yake ya pili, ya mwenye nyumba. Bwana Sengondo alimshika bega. Mwenye nyumba, alisema, haruhusiwi kulala katika nyumba ya kitega uchumi ila awe mpangaji wake, na mpangaji wake huyo amemfukuza sasa hivi, yeye mwenyewe, mbele ya watu.

"Basi nalala wapi?"

Bwana Sengondo alisema swali hilo ni la Wizara nyingine.

Hapo ndipo Mashavu alipoinuka kutoka mkekani.

"Baba Mthamini, hiyo sheria yenu imewataja akina nani?"

Bwana Sengondo alisema inataja mwenye nyumba na mpangaji.

"Mke imemtaja?"

Aliifungua sheria, akaipekua mbele na nyuma, akampa msaidizi naye apekue. Mke hakutajwa. Waliotunga walikuwa wanaume watupu, na siku ile walikuwa na njaa. Mashavu alishukuru, akafunga mlango kwa ndani, na komeo likasikika.

Walibaki ngazini wakitazamana. Kiduka alikaa juu ya godoro lake akaushika uso. Alikuwa na hasira, na mbaya zaidi hakujua aielekeze kwa nani. Kila alipomtafuta aliyemfukuza alijikuta mwenyewe. Baada ya muda aliinuka, akajifuta vumbi, akausogelea mlango.

"Hodi," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Bwana Sengondo alichomoa kalamu. Kiduka alifungua kinywa kusema mwenye nyumba, akakifunga. Alikifungua tena kusema mpangaji, akakifunga tena.

"Mgeni," alisema.

"Karibu, mgeni," Mashavu alijibu, na mlango ukafunguka.

Mthamini Mkuu aliipekua sheria yake mpaka kurasa zikaanza kuachia gundi. Mgeni hakuwemo. Tena hata katika nchi ile, mtu aliyemzuia mgeni asikaribishwe hakupata wa kumzika. Akakunja mizani yake akaondoka. Mzee Shangali aliomba maji ya kunywa, akakunywa pale ngazini, kisha akaenda kwake upesi. Jioni hiyo alisikika amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, anapiga hodi.

*

Mambo hayo yalienea. Mitaa mizima watu walijifukuza asubuhi na kurudi mchana kama wageni, wakaacha kulipa kodi, wakaanza kununua unga. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: wake walikumbuka msemo huo na wengi walipata wanaume wa kuwalimia bustani. Mfuko wa Wizara ulikauka. Watu walidhani safari hii Mheshimiwa Dokta Malipula amekwama.

Hawakumjua. Alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa shati la maua. Alitangaza kwa fahari kuwa nchi ambayo haikuwahi kupata mtalii hata wa kupotea njia, sasa ina wageni katika kila nyumba, na kwamba ukuaji huo wa utalii haujapata kuonekana duniani. Jina la Wizara likabadilishwa palepale. Na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, maofisa wa uhamiaji wakatawanywa mitaani kuwagongea wageni viza.

Ofisa aliyefika kwa Kiduka alikuwa dada mpole, mwenye muhuri mpya, na alifika wakati Mashavu anapakua. Alikataa kuketi. Aliuliza kwa heshima mgeni anatoka wapi, na Kiduka akasema chumbani. Aliuliza sababu ya safari yake, na Kiduka akasema amekuja kumsalimia mke wake. Ofisa aligonga muhuri. Kisha akaeleza kwamba mgeni wa nchi hii sharti awe na siku ya kuondoka. Siku ikifika na bado yupo, atasafirishwa nje ya mipaka, na nyumba aliyofikia atapewa mwekezaji.

Kiduka alimtazama. Mtu huyu alikuwa amenenepeshwa akanyamaza, amening'inizwa akanyamaza, amejifukuza kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa mbele yake palikuwa na sahani ya wali na maharage, ya kwanza kwa siku nyingi, na Mashavu alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Utaondoka lini, baba?" ofisa aliuliza tena.

"Nikishiba," Kiduka alisema.

Ofisa alilifikiria jibu. Hata kwao wageni walikuwa wakila, wakishiba, wakaaga. Hakuona kosa. Aliliandika kama lilivyo, akagonga muhuri juu yake, akasema basi atangoja, akavuta kigoda akakaa mlangoni na begi lake mapajani.

Mashavu alimtazama yule dada pale mlangoni, akamtazama mumewe. Akainama, akaivuta sahani, akarudisha nusu ya wali sufuriani na kuifunika.

"Kula polepole, mgeni wangu," alisema.